Udongo Hauna Masikio

Mtungi wa Sijaona hauvuji. Ndivyo watu walivyosema, kuanzia bondeni kwenye maji mpaka juu Newala. Sijaona mwenyewe akisikia maneno hayo alijifanya hakusikia, lakini siku hiyo alifinyanga huku akiimba.

Kila asubuhi aliketi uani, miguu ameinyoosha, bonge la udongo mbele yake. Aliinua ukuta wa mtungi kwa vidole, polepole, akauzungusha, akaulainisha kwa gunzi la muhindi. Binti yake Pili alitwanga vigae vya vyungu vya zamani ili vichanganywe na udongo mpya. Muharami, mumewe, alipasua kuni za kuchomea. Ilikuwa kazi ya nyumba nzima, na nyumba nzima ilikula kwa kazi hiyo.

Mwaka ule kazi ilikuwa nyingi kupita kiasi. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimepita. Wajerumani walikuwa wamerudi na askari wao. Watu walikuwa wakitoka porini mmoja mmoja, wamekonda, wakikuta nyumba zimechomwa, ghala zimechomwa, na vyombo vimevunjwa. Mtu akirudi kwake hutaka moto, kisha hutaka maji. Na kule juu Newala maji hakuna. Lazima ushuke bondeni, uchote, upande nayo mlima. Sasa bila mtungi utachotea nini? Kiganja?

Fakihi, mchuuzi wa Kiyao kutoka Masasi, alikuja mwenyewe na wapagazi wake.

"Mama Pili, nataka mitungi," alisema. "Yote utakayoweza kutengeneza."

"Mvua imeanza, Fakihi. Huu si wakati wa kuchimba udongo. Tunachimba kiangazi."

"Najua. Lakini watu wana kiu sasa, hawawezi kungoja kiangazi. Nitakuletea makopa. Mihogo mikavu, mizuri, haina ukungu."

Jamani, makopa! Kijiji kizima cha Namikunda kilikuwa kinakula ming'oko, viazi mwitu vya kuchimba porini. Sijaona alimtazama Pili, shingo yake nyembamba, akasema, "Haya. Lete hayo makopa."

Nani angekataa? Mimi nisingekataa.

Nyumbani kwa Sijaona alikuwapo pia wifi yake, Scholastika. Alikuwa mke wa Safari, mdogo wake Sijaona. Kwa desturi ya Wamakua, mwanamume akioa huhamia kwa wakwe zake. Lakini kwao Scholastika, karibu na Lukuledi, hapakuwa na pa kuhamia. Nyumba ziliungua wakati wa vita. Wazazi wake walikufa kwa njaa iliyofuata. Safari akamleta mkewe kwa dada yake. Haukupita muda, askari wakamshika Safari pamoja na vijana wengine, wakampeleka Lindi kubeba mizigo ya serikali. Basi Scholastika akabaki ugenini, hana mume karibu, hana mama, na mwenyeji wake ni wifi. Nanyi mnajua mambo ya mawifi.

Ila hawa wawili walipatana. Walitaniana kutwa.

"Wifi, chungu chako hiki kimeinama kama mlevi," Sijaona alimwambia.

"Kinamsalimu mkubwa wake," Scholastika alijibu, na wote wakacheka.

Sasa niwaambie habari za shimo, kwa sababu shimo ndilo lenye kisa.

Shimo la udongo lilikuwa bondeni, chini ya ukingo wa mlima. Bibi zake Sijaona ndio waliolianza. Juu palikuwa na udongo mwekundu usiofaa kitu. Chini yake ndipo palipokuwa na udongo wa kijivu, mlaini, unaonata vizuri. Kwa hiyo wanawake hawakuchimba kwenda chini tu. Walichimba kwenda pembeni, wakiufuata ule wa kijivu, miaka na miaka, mpaka likawa pango. Mfinyanzi aliingia ameinama. Juu ya kichwa chake ulikaa udongo mwekundu mzito, hauna nguzo, hauna chochote cha kuushika.

Kwa nini wasifungue shimo jingine? Kwa sababu shimo jipya halifunguliwi hivi hivi. Lazima unyunyizwe unga wa mtama na mababu waombwe ruhusa. Anayefanya hivyo ni apwiyamwene, ndivyo Wamakua wamwitavyo mama mkubwa wa ukoo. Namikunda, mama huyo alikuwa Bibi Kurwa, mfinyanzi mzee, mkali, lakini mwenye huruma. Na mwaka ule unga wa mtama ungetoka wapi? Hata wagonjwa waliukosa. Basi hakuna aliyethubutu kufungua shimo jipya. Waliendelea kuchokonoa lile lile la zamani.

Kulikuwa na miiko mingine. Wanaume hawaendi kwenye udongo. Na wanawake wakifika pale hawasemi. Kimya kabisa, tangu kikapu cha kwanza hadi cha mwisho.

"Udongo unasikia," Bibi Kurwa aliwafundisha wasichana. "Ukipigiwa kelele, unakasirika. Chungu kitapasuka motoni, au mtu ataumia."

Msiwacheke. Hata leo yuko fundi anayejua kwamba ngazi yake imeoza, na kila asubuhi anaipanda. Ukimuuliza, anasema, "Mbona haijaniangusha?"

Siku moja baada ya mvua, wanawake wanne walishuka shimoni. Bibi Kurwa na jirani yao Getrude walichimba upande mmoja. Sijaona aliingia ndani zaidi, kwenye pango, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na udongo mzuri. Scholastika, kwa kuwa alikuwa mgeni wa kazi, alikaa nje mdomoni mwa shimo kupokea vikapu.

Hakuna aliyesema neno. Zilisikika sauti za majembe tu.

Punje za udongo zilidondoka shingoni mwa Sijaona. Alizipangusa, akaendelea. Zikadondoka tena. Akapangusa tena. Alikuwa anawaza makopa.

Scholastika aliinua macho. Aliona ufa kwenye udongo mwekundu, juu ya kichwa cha wifi yake. Mwanzoni ulikuwa mwembamba. Alipunga mkono. Hakuna aliyemtazama, wote walikuwa wameinama. Alijiziba mdomo kwa kiganja. Aliogopa mwiko, alimwogopa Bibi Kurwa, aliogopa kuonekana mgeni asiye na adabu. Ufa ukapanuka.

"Wifi, toka! Toka!"

Sijaona alishtuka, akajitupa mbele. Pango likaporomoka. Puu!

Vumbi lilipotulia, walimwona Sijaona amelala kifudifudi. Kichwa na mikono vilikuwa nje. Kuanzia kiunoni kwenda chini alikuwa amefukiwa. Getrude alimshika mikono akaanza kumvuta. Sijaona akapiga yowe.

"Usimvute!" Scholastika alilia. "Tumfukue kwanza!"

Alipiga magoti, akaanza kuondoa udongo kwa mikono. Bibi Kurwa naye akapiga magoti. Hakuna aliyekumbuka tena habari ya kimya.

Walimtoa akiwa hai. Mguu wa kulia ulikuwa umevunjika chini ya goti.

Nyumbani, fundi wa mifupa aliunyoosha mguu, akaufunga kwa vipande vya mwanzi. Muharami alimshika mkewe mabegani wakati wote huo. Machozi yalimtoka naye hakuyaficha.

"Alhamdulillahi," alisema. "Mguu utapona. Uko hai, Mama Pili. Uko hai."

Lakini mambo hayakuishia hapo. Jioni Bibi Kurwa alikuja na Getrude na wazee wa ukoo, wakaketi uani. Scholastika alikuwa pembeni, karibu na jiwe la kusagia, mikono yake bado ina udongo kwenye kucha.

"Nilisikia kwa masikio yangu," Bibi Kurwa alisema. "Kwanza kelele, halafu udongo. Tangu nimeanza kufinyanga sijaona shimo letu likila mtu. Leo mgeni amepiga kelele, na leo shimo limekula."

"Bibi, niliona ufa," Scholastika alisema kwa sauti ndogo.

"Uliona ufa, ukapiga kelele, ukawa shimo zima!" Kisha Bibi Kurwa akapunguza sauti. "Mwanangu, mimi sikuchukii. Nimezika watu wengi katika njaa hii, nimechoka kuzika. Lakini ukoo huu una watoto, na hatuwezi kukaa na mtu aliyeukasirisha udongo. Kesho kutwa utasindikizwa, urudi kwenu Lukuledi."

"Kwetu wapi, Bibi?" Scholastika aliuliza. "Kwetu kuna majivu."

Mzee mmoja alikohoa tu. Bibi Kurwa alimgeukia Getrude. "Kesho kutwa hiyo hiyo tutarudi shimoni. Tutasafisha pale palipoanguka. Wewe utaingia mahali pa Mama Pili. Fakihi anangoja mitungi yake, na watoto wanangoja makopa."

Getrude aliitikia kwa kichwa, lakini alitupa jicho mlangoni, ndani alimolala Sijaona.

Watu walipoondoka, Scholastika alimletea Sijaona maji.

"Wifi, nisamehe."

"Nikusamehe nini?"

"Nilisema."

Niseme kweli, hata Sijaona alikuwa nusu anaamini. Amefundishwa hivyo tangu utotoni, atafanyaje? Alimtazama Scholastika, akaona jinsi alivyokwisha kufunga nguo zake mbili katika kitambaa. Moyo ulimuuma kuliko mguu.

Asubuhi alikuja jirani yao Isaka kumpa pole mgonjwa, pamoja na mkewe. Isaka alikuwa mchimba visima. Kwa miaka mingi alichimba visima vya misheni kule Masasi, kisha akarudi kijijini. Alikuwa mwingi wa maneno. Mkewe alizoea kusema kwamba Isaka akianza kusalimia, uji unapoa.

"Shikamoo, Baba Ethel," Sijaona alimsalimu. Ethel alikuwa binti wa kwanza wa Isaka.

"Marahaba, mwanangu. Pole sana. Tumekuletea ming'oko ya kuchemsha, Mama Ethel ameichagua ile isiyo na nyuzi. Haya, nieleze. Udongo ulianzaje?"

"Scholastika alipiga kelele, ukaanguka."

"Sikukuuliza ulivyomalizika. Nimeuliza ulivyoanza. Kabla ya kelele kulikuwa na nini?"

Sijaona alifikiri. "Punje ziliniangukia shingoni."

"Mara ngapi?"

"Mara kadhaa. Nilikuwa ninazipangusa."

"Lo!" Isaka alijipiga paja. "Na jana yake mvua ilinyesha?"

"Ilinyesha."

"Na juu yako palikuwa pamechimbwa kwa chini, kama pango? Mimi sijafika huko, ni mwiko kwetu wanaume, lakini nimeviona vikapu vyenu. Vinatoka na udongo wa kijivu mtupu, hauna wekundu hata kidogo. Nikajua mnakula chini, mnaacha juu."

"Ndivyo tulivyochimba siku zote."

Isaka hakucheka wala hakugomba. Alivuta kigoda karibu na kitanda.

"Mama Pili, nilikuwa na rafiki, jina lake Ambrosi. Tulichimba pamoja. Siku moja tulikuwa na haraka ya kufika kwenye maji. Punje zikaanza kudondoka. Tukapangusa, kama wewe. Mimi nikapanda juu kutoa ndoo. Ambrosi akabaki chini. Mama, siku ile hakuna aliyepiga kelele. Tulikuwa kimya kabisa kwa uchovu. Ukuta ulianguka hivyo hivyo. Tulipomfikia alikuwa amekwisha kufa."

Mama Ethel aliinamisha kichwa.

"Udongo hauna masikio," Isaka alisema. "Una uzito. Ukiondoa kilichoubeba, utashuka. Mvua ikiingia ndani yake, unazidi kuwa mzito, utashuka upesi. Zile punje ndizo zilizokuwa zinakuambia uondoke. Hukuondoka. Basi wifi yako akaona, akakuambia kwa mdomo."

Sijaona alijiinua kwenye kitanda. Alikumbuka alivyojitupa mbele aliposikia ile sauti. Kama asingeisikia, kichwa chake kingekuwa wapi?

"Baba Pili!" aliita kwa nguvu. "Nenda kamwite mama mkubwa. Mwambie nimemwomba aje. Mwambie kwa heshima, lakini aje!"

Bibi Kurwa alikuja, uso umekunjamana. Getrude alimfuata nyuma. Muharami alikitoa kitanda cha Sijaona nje, uani, ili naye aone.

Kando ya nyumba kulikuwa na kilima kidogo cha udongo. Hapo Muharami alikuwa akichimba udongo wa kukandika ukuta. Isaka alimwamkia Bibi Kurwa, akachukua jembe.

"Bibi, sijaja kubishana na mila. Nimekuja kukuonyesha kitu kimoja. Huku nitachimba kama mnavyochimba ninyi."

Alichokonoa kilima kwa chini, akatoa udongo, juu akaacha. Likawa pango dogo. Ndani yake aliweka kibuyu.

"Na huku nitachimba kama tunavyochimba sisi baada ya kifo cha Ambrosi."

Upande wa pili alianza kutoka juu. Alishusha ukuta kwa mteremko, akakata ngazi pana pana. Udongo alioutoa aliutupa mbali, hakuurundika ukingoni. Chini kabisa aliweka kibuyu cha pili.

"Sasa tuseme mvua imenyesha. Mama Ethel, mwaga maji pande zote mbili. Nasi wengine tunyamaze. Mtu asikohoe."

Mama Ethel alimwaga maji polepole. Wote walinyamaza, hata Pili aliyekuwa akitafuna mng'oko aliacha kutafuna. Punje zilianza kudondoka kwenye pango. Ufa ukatokea juu. Kisha udongo ukashuka wote kwa mara moja, kibuyu kikafukiwa. Upande wa ngazi, maji yaliteremka, yakachukua tope kidogo. Kibuyu cha pili kilibaki pale pale.

"Bibi," Isaka aliuliza taratibu, "nani amepiga kelele?"

Bibi Kurwa aliinama, akaingiza mkono katika udongo ulioanguka, akakitafuta kibuyu. Kilikuwa kimepasuka. Alikishika kwa muda mrefu.

"Mama mkubwa," Sijaona alisema kutoka kitandani, "punje ziliniangukia kabla Scholastika hajasema lolote. Ufa ulikuwapo kabla. Mwanzo wa jambo lile ni sisi, tulivyochimba. Na mimi niliyeingia ndani zaidi kuliko wote kwa tamaa ya udongo mzuri. Sauti yake ndiyo iliyonirusha mbele. Kama angenyamaza, jana mngekuwa mnanizika. Unamfukuza mtu aliyeniokoa."

Bibi Kurwa aliketi chini, pale pale kwenye tope. Alikuwa mzee, na wakati ule alionekana mzee zaidi.

"Sasa tufanyeje?" alisema. "Shimo lile ndilo tulilo nalo. Nifungue jipya kwa kitu gani? Unga wa kunyunyiza utatoka wapi? Nimekuwa nikilala na jambo hili tangu vita viishe. Mnadhani sikuona kwamba pango limekuwa kubwa? Niliona! Lakini niwaendee mababu mikono mitupu?"

Masikini Bibi Kurwa. Kumbe ukali wote ule ulikuwa umefunika hofu.

Muharami aliingia ndani. Alirudi na kifuko kilichoning'inizwa darini, penye moshi, wadudu wasikifikie. "Hii ni mbegu yangu ya mtama," alisema. "Mbegu hailiwi, najua. Lakini kiganja kimoja tunaweza kusaga."

"Kiganja kimoja?" Bibi Kurwa alikitazama kifuko. Kisha akatikisa kichwa, akaguna. "Mh. Mababu nao waliwahi kuona njaa. Hawatapima."

"Na kimya je?" Getrude aliuliza. "Baba Ethel anasema awepo mtu wa kutuambia."

"Lazima awepo," alisema Isaka. "Mtu mmoja akae juu, ukingoni, lakini si karibu sana na ukingo. Asichimbe. Asipokee vikapu. Kazi yake ni kutazama ukuta tu. Akiona punje, akiona ufa, akiona maji yanachuruzika, aseme. Naye akisema, hakuna kuuliza kwa nini. Mnatoka kwanza, mnauliza baadaye. Na siku ya mvua msiingie, na siku inayofuata pia mkae nyumbani, mpaka ukuta ukauke. Fakihi akinung'unika, mwambieni aje achimbe yeye."

"Ni mwiko kwake!" Pili alidakia, na watu wakacheka kwa mara ya kwanza tangu jana yake.

"Na mtu akifukiwa?" Muharami aliuliza.

"Msimvute. Huyu binti alifanya vema. Fukueni kwanza uso na kifua apate pumzi, kisha sehemu nyingine. Na asiachwe mtu kuchimba peke yake, hata siku moja. Peke yako, nani atakufukua?"

Bibi Kurwa alijipangusa tope mikononi.

"Mwiko wa kimya ni wa walio ndani," alisema mwishoni. "Wa ndani watanyamaza, ili wamsikie wa juu. Wa juu atasema. Mimi ndiye apwiyamwene, na mimi ndiye ninayesema hivyo." Aliinuka akijishika magoti, akavuka uani mpaka kwenye jiwe la kusagia. Scholastika alisimama haraka, kichwa chini.

"Wewe una macho," Bibi Kurwa alimwambia. "Mimi yangu yamechoka. Fungua hicho kitambaa chako, rudisha nguo ndani. Utakaa juu ya shimo jipya, na utasema kwa ruhusa yangu."

Scholastika alilia. Bibi Kurwa naye alimshika kichwa, akamkumbatia na tope zake zote. "Nilikosea, mwanangu," alisema. "Nilikosea sana."

Walifungua shimo jipya hatua chache kutoka lile la zamani, pale ambapo udongo mwekundu ulikuwa haba. Kwanza waliuondoa ule mwekundu wote, wakaubeba mbali. Ilikuwa kazi ya kuchosha, na Getrude alilalamika kwamba wanabeba udongo wasioutaka ili waupate wanaoutaka. "Ndiyo," Bibi Kurwa alimjibu. "Bora mgongo uume kuliko watu walie." Walikata ngazi. Walizungushia miiba ili watoto wasikimbilie ukingoni. Lile pango la zamani walilibomoa kutoka juu kwa miti mirefu, wakiwa mbali, mtu yeyote asije akashawishika kuingia.

Mwanzoni kazi ilikwenda polepole. Fakihi alikuja, akakuta mitungi ni michache, akapandisha mabega.

"Mama Pili, mmekuwa wavivu?"

"Angalia mguu wangu, Fakihi, halafu uniulize tena."

Fakihi aliutazama mguu uliofungwa mianzi. Alikuwa mchuuzi, si jiwe. Aliacha makopa yote aliyokuja nayo, akasema atarudi mvua zikikatika.

Wakati mvua zilipokuwa zikipungua, wanawake walikuwa shimoni na jua linawaka vizuri. Bibi Kurwa alikuwa chini kabisa, kwenye ngazi ya mwisho. Scholastika aliona mstari mwembamba kwenye ukuta upande wa mlima. Mara hii hakujiziba mdomo.

"Tokeni!"

Waliacha majembe, wakapanda ngazi. Bibi Kurwa alipanda akinung'unika kwamba haoni kitu. Walisimama juu wakingoja. Wakangoja. Getrude alianza kutabasamu kwa dharau kidogo. Ndipo kipande cha ukuta kikateleza, kikafunika kikapu na jembe la Bibi Kurwa. Wakatazamana. Bibi Kurwa alimshika Scholastika mkono, hakuuachia mpaka walipofika nyumbani.

Kiangazi kilipofika, mguu wa Sijaona ulikuwa umeunga. Alichechemea kidogo, lakini alishuka shimoni na kupanda mwenyewe. Udongo ulikuwa mwingi. Wasichana wawili wa jirani walikuja kujifunza kazi, na mama zao waliwaruhusu bila woga. Uani kwa Muharami mitungi ilipangwa mpaka kwenye njia. Pili shingo ilinenepa.

Ndipo Safari aliporudi kutoka Lindi. Alikuwa amekonda, mabega yana makovu ya mizigo. Njiani, mtu mmoja alikuwa amemwambia habari mbaya na za zamani, kwamba mkewe alilitia shimo mkosi na ukoo umemfukuza. Safari hakula tangu asikie maneno hayo. Alifika nyumbani akikimbia, akamkuta Pili peke yake.

"Mke wangu Scholastika yuko wapi?"

"Shimoni."

Safari alikimbia mpaka mwisho wa njia, mahali wanaume wanapokoma. Kutoka pale aliweza kuuona ukingo wa shimo. Scholastika alikuwa ameketi juu, chini ya kivuli cha makuti alichojengewa, macho ameyakaza kwenye ukuta wa udongo. Safari alivuta pumzi ili amwite.

Mkono ulimshika begani. Alikuwa Bibi Kurwa, amepanda kupumzika.

"Shikamoo, Bibi! Ni mke wangu yule! Waliniambia mmemfukuza."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mungu amekurudisha." Macho ya Bibi Kurwa yalilengwa na machozi, lakini mkono haukumwacha. "Ni mkeo, ndiyo, na hajaenda popote. Kaa chini umngoje. Usimwite."

"Kwa nini nisimwite? Nimetembea kutoka Lindi!"

"Dada yako yuko chini ya ule ukuta, na watoto wawili wa watu," Bibi Kurwa alisema. "Huyo akigeuka kukutazama wewe, nani atatutazama sisi?"

Safari aliketi, akangoja.